MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI



Mara hii hatuandiki juu ya mshahara peke yake. Twaandika juu ya kitabu ambacho mshahara hutoka ndani yake, yaani kitabu cha makisio ya serikali, na juu ya ndugu yake, kitabu cha mkaguzi wa hesabu. Siku bajeti inaposomwa Nairobi kila mtu hutega sikio redioni, apate kujua kama sukari itapanda au mafuta ya taa yatashuka. Lakini siku mkaguzi anapotoa ripoti kwamba idara fulani imetumia fedha kupita kiasi ilichopewa, redio huzimwa. Twasema, "Hayo ni mambo ya makarani na mawakili." Hapo ndipo tunapopotea, maana fedha iliyotumika kupita kiasi lazima irudishwe kutoka mahali fulani, na mara nyingi hurudishwa kutoka mfuko wa kibarua.

Twataka leo tueleze jambo hili tangu mwanzo, tangu siku za ukoloni, maana desturi nyingi tunazoziona ofisini leo zilizaliwa siku zile.

RELI ILIYOPITA KWETU

Tuanze na jambo lililopita katika nchi yetu wenyewe. Reli ya Uganda ilipita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, nchi ambayo leo ni ya Makueni. Mwaka 1896 Bunge la Uingereza lilikubali pauni milioni 3 kwa kazi hiyo. Fedha hazikutosha. Mwaka 1900 serikali ilirudi Bungeni kuomba zaidi, na mwaka 1902 ikarudi tena. Mwishowe gharama ilifika karibu pauni milioni 5 na nusu. Yaani walikisia vitatu wakatumia vitano na zaidi.

Sasa tazameni tofauti. Kule London kila mara fedha zilipopungua serikali ilibidi isimame mbele ya wabunge na kueleza kwa nini. Wabunge walipiga kelele, magazeti yakaandika. Mlipa kodi wa Uingereza alikuwa na mtu wa kumwulizia. Huku kwetu reli ilipokwisha ilitafutwa njia ya kuifanya ilipe: walowezi waliitwa, ardhi ikagawanywa, na kodi ya nyumba ikawekwa juu ya Mwafrika. Yeye hakuwa na mtu wa kumwulizia hata neno moja.

Hilo ndilo neno kubwa la tahariri hii. Daftari la hesabu ni kitu kizuri, lakini halina mdomo. Linasema tu pale mwenye mali anapolifungua na kuuliza.

KITABU CHA MAKISIO KILIVYOKUWA KIKITENGENEZWA

Wazee wetu waliofanya kazi ofisini katika siku za DC na PC watakumbuka jinsi mambo yalivyokwenda. Kila mwaka wilaya ilitoa makisio yake: kiasi gani kwa barabara, kiasi gani kwa askari, kiasi gani kwa mishahara ya machifu na matarishi. Makisio hayo yalipanda kwa PC, yakapanda Nairobi, na Nairobi kulikuwa na Baraza la Kutunga Sheria la kuyapitisha. Lakini ndani ya Baraza hilo hakuketi Mwafrika hata mmoja mpaka Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944. Ukambani haikupata mtu aliyechaguliwa na watu wenyewe mpaka James Muimi alipochaguliwa mwaka 1957. Hesabuni miaka: kodi ya nyumba ilianza mwanzoni mwa karne ile, na mjumbe wa kuchaguliwa alikuja zaidi ya miaka hamsini baadaye.

Katika wilaya, tangu sheria ya mwaka 1924, palikuwa na mabaraza ya wenyeji, ambayo baada ya sheria ya mwaka 1950 yaligeuzwa kuwa halmashauri za wilaya za Waafrika. Mabaraza hayo yalikusanya ada zao, ushuru wa soko na kodi ya nyongeza ya shule na zahanati. Ilikuwa hatua njema, na wazee wengi walijifunza humo kazi ya kuendesha mambo ya watu. Lakini mwenyekiti wa baraza alikuwa Bwana DC mwenyewe. Aliyeongoza mkutano wa kugawa fedha ndiye aliyesimamia kutumika kwake, na makisio ya baraza hayakuwa na nguvu mpaka wakubwa wake wayakubali. Mzee wa baraza aliweza kuuliza, lakini alikuwa akimwuliza mtu anayeshika ufunguo wa kasha na ufunguo wa jela pia.

Mwafrika, basi, alilipa mara mbili: kodi ya serikali kuu, na juu yake kodi ya baraza lake ili apate shule na dawa. Mwaka 1932 Lord Moyne, aliyetumwa kutoka London kuangalia fedha za Kenya, aliandika katika ripoti yake kwamba Waafrika walikuwa wakichangia hazina kwa wingi, na kwamba huduma walizopata hazikulingana na walichotoa. Mtu huyo hakuwa mwanasiasa wa Kiafrika wala katibu wa chama cha wafanya kazi. Alikuwa mtu wao wenyewe. Hata hivyo kodi ya mapato, ambayo ingewagusa wenye mishahara mikubwa, walowezi waliipinga kwa nguvu. Ilikuwa imejaribiwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikafutwa mwaka 1922, nayo haikurudi mpaka mwaka 1937.

MKAGUZI ALITAFUTA NINI?

Msidhani siku hizo hapakuwa na ukaguzi. Ulikuwapo, tena mkali. Idara ya ukaguzi wa makoloni ilikuwa na mkuu wake London, na wakaguzi wake walizunguka katika makoloni. Karani aliyekosa risiti ya shilingi mbili aliona moto. Mtunza stoo aliyepoteza jembe alikatwa mshahara.

Lakini mkaguzi wa siku zile aliuliza swali moja: fedha hii ilitolewa kwa amri ya nani? Kama amri ilikuwapo, na sahihi ipo, na vocha ina namba yake, basi alipiga tiki akaendelea. Hakuwa na kazi ya kuuliza: fedha hii ilitoka kwa nani, na aliyeitoa amefaidika nini? Ukaguzi ulielekea juu kwa mtawala. Haukuelekea chini kwa mlipa kodi.

Na kama idara ilikuwa imetumia kupita kiasi, dawa yake ilikuwa nyepesi: makisio ya nyongeza. Fedha hutumika kwanza, kisha Baraza huombwa kuikubali baadaye, na mara ikikubaliwa, kosa linageuka kuwa halali. Twasema kweli: makisio ya nyongeza si dhambi. Mvua ikibomoa daraja, au njaa ikiingia, serikali haiwezi kungoja mwaka mpya. Ubaya wake ni pale yanapokuwa blanketi la kufunika kila uzembe.

Kuna gharama nyingine ambayo haikuingia kitabuni kabisa. Wazee wa Ukambani wanajua mwethya, desturi yetu ya kusaidiana kazi. Mtu anaalika jirani, watu wanalima au wanajenga, kisha naye anakwenda kwa wenzake. Serikali ya kikoloni iliichukua desturi hiyo, ikaichanganya na amri ya chifu, na katika miaka ya 1940 watu wa Machakos na Kitui wakatolewa kuchimba matuta ya kuzuia udongo bila ujira. Katika makisio utaona mshahara wa ofisa wa kilimo na petroli ya gari lake. Migongo ya akina mama waliochimba matuta hutaiona. Tangu mwaka 1912 sheria ilimruhusu chifu kuwatoa watu kwa kazi za namna hiyo. Mradi wowote huonekana rahisi kama nusu ya gharama yake inalipwa na watu wasioandikwa.

UPUNGUFU HULIPWA NA NANI?

Sasa tufike penye uchungu. Serikali au tajiri akiona fedha zimepungua, anapunguza wapi kwanza? Historia inajibu.

Baada ya vita vya kwanza Kenya iliingia katika shida ya fedha. Kodi ya Mwafrika ilipandishwa hadi shilingi 16 kwa mwaka. Mwaka 1921, bei za mazao zilipoanguka, waajiri walipatana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Kodi juu, mshahara chini, na kipande shingoni. Aliyesimama kupinga alikuwa Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina, Nairobi. Alishikwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye watu waliokusanyika kumtaka waliuawa kwa risasi. Lakini kodi ilishushwa mpaka shilingi 12. Jambo lile halikubadilishwa na kalamu ya mkaguzi. Lilibadilishwa na watu waliouliza.

Hivyo hivyo mwaka 1938 katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni ya leo. Serikali iliamua kupunguza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, na wakauzwa kwa bei ya chini. Wataalamu walikuwa na hesabu zao: ng'ombe wangapi, majani kiasi gani. Samuel Muindi Mbingu na wenzake walikuwa na hesabu nyingine: mwenye ng'ombe atabaki na nini? Maelfu walikwenda Nairobi, wanaume na wanawake, wakakaa huko wiki nyingi wakidai kuonana na Gavana. Muindi alipelekwa kifungoni Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuuza ng'ombe kwa nguvu.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, mwaka 1952 hadi 1960. Gharama yake ilifika karibu pauni milioni 55, sehemu ikitoka Uingereza kama msaada na mkopo, sehemu ikitoka hazina ya Kenya yenyewe. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1954, kamati ya Bwana Carpenter ilichunguza mishahara ya Waafrika. Iliona kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini katika kampuni za watu binafsi, na karibu robo ya wale wa serikali, walilipwa mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya maisha. Fikirini, ndugu. Kwa kulinda utawala, mamilioni yalipatikana. Kwa kumlisha aliyefagia ofisi ya utawala huo, kamati ilipendekeza mishahara ipandishwe kidogo kidogo, kwa miaka.

Na katika utumishi wa serikali, tangu ripoti ya Bwana Holmes ya mwaka 1948, palikuwa na kanuni ya tatu kwa tano. Mwafrika au Mhindi akifanya kazi ile ile ya Mzungu alipata sehemu tatu tu pale Mzungu alipopata tano. Kanuni hiyo iliondolewa baada ya ripoti ya Lidbury ya mwaka 1954. Mkaguzi hakuweza kuiita kosa, maana ilikuwa na amri na sahihi. Kila senti ilikuwa mahali pake, na dhuluma ilikuwa mahali pake pia.

KONGWA

Kuna mfano mmoja wa jirani usioweza kusahauliwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza shamba kubwa la karanga Kongwa, Tanganyika, na mahali pengine pawili. Walileta matrekta, wakajenga nyumba, wakaanza reli na bandari. Udongo ulikuwa mgumu, mvua haikuwa ya kutegemea, mashine zilivunjika. Wakaguzi waliajiriwa kuangalia vitabu vya shirika hilo, nao katika ripoti yao walikataa kuthibitisha kwamba vitabu vya hesabu za karanga viliwekwa sawasawa. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na karibu pauni milioni 36 zikafutwa kitabuni.

Hapo mkaguzi alifanya kazi yake bila woga, na Bunge la London likatikisika, maana fedha ilikuwa ya mlipa kodi wa Uingereza. Lakini mfanya kazi wa Kongwa, ambaye mwaka 1947 aligoma pamoja na wenzake wa bandari ya Dar es Salaam kwa sababu ya ujira na maisha magumu, alipata ripoti gani? Aliona matrekta yakiota kutu, akafunga mzigo wake akarudi kwao.

BAADA YA UHURU

Wengine watasema, "Hayo ni ya mkoloni. Mkoloni alikwenda mwaka 1963." Kweli alikwenda. Lakini daftari alituachia, na desturi ya kutolifungua tuliirithi pamoja na viti na meza.

Halmashauri zetu za Kitui na Masaku, kama nyingine zote, zilipewa shule za msingi, zahanati na barabara bila mfuko wa kutosha. Katika nchi nzima halmashauri nyingi zilishindwa. Makusanyo yalikuwa madogo, matumizi makubwa, hesabu nyuma kwa miaka. Walioumia kwanza walikuwa waalimu. Mshahara ulichelewa mwezi, ukachelewa wa pili. Chama cha waalimu, KNUT, kilichoanzishwa mwaka 1957, kilidai mwajiri mmoja kwa nchi nzima, na mwaka 1967 Tume ya Kuwaajiri Waalimu ikaanza kazi. Mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kuzinyang'anya halmashauri za wilaya shule, afya na barabara, na mwaka uliofuata mambo hayo yakarudi Nairobi. Watu wa wilaya walipoteza mamlaka yao kwa sababu mfuko haukutosha na vitabu havikutunzwa. Ndugu, tusisahau somo hilo. Serikali ya karibu na watu hufa kwa hesabu mbaya kuliko inavyokufa kwa risasi.

Miaka arobaini na mitatu baadaye, mwaka 2013, mamlaka yalirudi, safari hii kwa serikali za kaunti. Kitui ikawa na gavana na bunge lake, Makueni vile vile. Na Makueni ilikaribia kuyapoteza tena mara moja. Mwaka 2014 gavana na wabunge wa kaunti waligombana juu ya bajeti mpaka kazi zikasimama, na mwezi wa Septemba risasi zikalia katika uwanja wa serikali ya kaunti. Watu walipeleka ombi kaunti ivunjwe. Tume ya uchunguzi iliundwa, nayo ikapendekeza kaunti isimamishwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa pendekezo hilo, na kaunti ikaendelea kuishi.

Lakini Makueni hiyo hiyo ilitoa mfano mwema. Katika miaka ya Gavana Kivutha Kibwana kila mradi ulipewa kamati ya wananchi wa mahali pale, na kontrakta hakulipwa mpaka kamati iweke sahihi kwamba kazi imefanyika. Mama wa kijijini, mwenye shamba chini ya bwawa, akawa na sahihi yenye nguvu juu ya vocha. Huo ndio ukaguzi unaoelekea chini. Mkoloni hakuuleta, nasi hatukuukopa London.

SHERIA IKO UPANDE WETU

Mfanya kazi wa mwaka 1938 hakuwa na kifungu cha sheria cha kushika mkononi. Sisi tunavyo. Katiba ya mwaka 2010 inasema katika kifungu cha 229 kwamba Mkaguzi Mkuu atakagua hesabu za kila kaunti na kutoa ripoti katika miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na bunge la kaunti lijadili ripoti hiyo na kuchukua hatua katika miezi mitatu. Kifungu cha 226 kinasema kwamba ofisa anayeamuru fedha za umma zitumike kinyume cha sheria atailipa hasara hiyo mwenyewe, hata kama ametoka kazini. Sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 inaweka mpaka wa makisio ya nyongeza katika kaunti: asilimia 10 ya kile bunge lilichokubali kwa mwaka huo, isipokuwa bunge lenyewe limeruhusu zaidi katika hali ya pekee. Na sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inampa raia haki ya kuandika barua na kuomba karatasi za serikali, na ofisa anatakiwa kujibu katika siku 21.

Hayo yote yameandikwa. Lakini twarudia: daftari halina mdomo. Ripoti ya mkaguzi inaweza kusema wazi kwamba fedha zilipita kiasi, na mwaka unaofuata ikasema hivyo tena kwa maneno yale yale, kama hakuna anayeuliza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo utajengwa kwa mshahara wako.

Kuna mwenzetu atakayesema, "Chama kazi yake ni mshahara, siasa za bajeti waachieni wanasiasa." Twamjibu kwa heshima. Ukienda kudai nyongeza, mwajiri atakwambia hakuna fedha. Utajibu nini kama hujui fedha zilikwenda wapi? Katibu aliyesoma ripoti ya mkaguzi huingia katika mazungumzo akiwa na ukurasa mkononi. Asiyesoma huingia na mdomo mtupu. Mwingine atasema, "Tukiuliza sana tutaitwa wachochezi." Harry Thuku aliitwa hivyo, Muindi Mbingu aliitwa hivyo. Leo mitaa na barabara zina majina yao.

Tena tuwe waaminifu na upande wetu. Matumizi yanayopita kiasi si ya wakubwa peke yao. Kibarua hewa katika orodha ya majina ana mtu aliyemwandika, na saa za ziada zisizofanywa zina mtu aliyezipokea. Petroli inayouzwa njiani ilitoka katika tangi la gari la kazi. Chama hakiwezi kudai kasha la mkubwa lifunguliwe huku kikificha mfuko wa mwanachama. Mwizi wa shilingi mia na mwizi wa milioni wote wanakula chakula cha mtoto mmoja.

TUNAYOOMBA KWA WANACHAMA

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo haya, yajadiliwe katika mkutano wa tawi:

1. Tawi lichague watu watatu wanaosoma vizuri, akiwamo mwanamke mmoja, wawe wasomaji wa hesabu. Kazi yao ni kupata makisio ya kaunti na ripoti ya Mkaguzi Mkuu kila mwaka, kuisoma, na kutueleza kwa Kiswahili na Kikamba.

2. Mkutano wa hadhara wa bajeti ukiitwa katika wadi, mwanachama asiyekuwa zamu ahudhurie. Asiende kwa sababu ya chai na soda. Aende na swali moja lililoandikwa.

3. Penye kazi ya umma, iwe barabara inayopita Kabati kwenda Migwani, iwe kisima au darasa, tuulize jina la kontrakta, bei ya kazi, na siku ya kumaliza. Tuandike jibu.

4. Kila kibarua aweke kijitabu chake cha siku alizofanya kazi. Siku malipo yatakapochelewa kwa sababu "fedha zimekwisha," vijitabu hivyo ndivyo vitakavyoonyesha fedha hizo zilikuwa za nani.

5. Chama chenyewe kisome hesabu zake mbele ya wanachama kila mwaka, risiti zikiwa mezani. Anayedai daftari la mwenzake aanze kwa kufungua lake.

Ndugu, mkoloni alitufundisha kulipa, hakutufundisha kuuliza. Kulipa tumejua sana. Tunalipa kwenye mshahara, tunalipa sokoni, tunalipa kwenye kila kibaba cha unga. Kazi iliyobaki ni kuuliza: kilikisiwa nini, kilitumika nini, na kilichozidi kilimwendea nani?

Wafanya kazi, tuungane, na daftari lifunguliwe.